Maji Kwanza

Kanuni ya kwanza katika karakana yetu ya sabuni ilikuwa kitambaa chekundu. Chochote kinachouma, Shangazi alikifunga kitambaa chekundu shingoni, kiwe dumu, kiwe chupa, kiwe kopo. Hatukuandika majina juu ya vyombo. Shangazi hakusoma kabisa, na mimi niliacha shule darasa la nne, herufi ninazijua lakini kwa kuzibembeleza. Kitambaa hakihitaji kusomwa. Ukikiona, mkono unarudi wenyewe.

Kinachouma kuliko vyote ni kostiki. Inakuja ikiwa chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Unaitia ndani ya maji, na maji yanachemka bila moto. Ukiyaacha yapoe yanatulia, hayana rangi, hayana harufu, ungesema yametoka bombani sasa hivi. Hayo ndiyo yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Wengine hununua kostiki kuzibulia mabomba ya choo, na kinachoziba bomba la choo kikishindwa, ujue koo la mtu haliwezi kitu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliikorogea kwenye sufuria ya alumini. Sufuria ikatoa povu na sauti kama chatu, ikaliwa mpaka nikaona sakafu kupitia chini yake. Shangazi hakunipiga. Aliitundika ile sufuria yenye tundu ukutani mbele ya meza yangu, ili kila asubuhi tusalimiane.

Alhamisi ile niliona vile vitambaa vyekundu vimekuwa vyeusi kwa mafuta na vumbi. Nikavifungua vyote saba, nikavifua, nikavianika kwenye kamba ya uani. Niliona aibu kuuza usafi huku shingo za vyombo vyetu zimevaa uchafu. Nikajiambia vitakauka kabla ya saa ya kupika sabuni. Asubuhi hiyo hiyo dumu la kostiki lilikuwa limepata ufa, kwa hiyo nilikuwa nimeyahamishia yale maji makali ndani ya chupa kubwa ya maji ya kunywa, yenye kifuniko cha bluu, nikaiweka mezani ipoe.

Saa saba mchana akaingia Fundi Saa.

Sura yake mimi niliijua kwa sababu kila mwezi alikuja kununua sabuni ya kutolea mafuta ya saa vidoleni. Sauti yake ilijulikana na jiji zima, kwa sababu ya Ukumbi wa Wakwe.

Kila siku saa kumi alasiri, redio zote za mtaani kwetu zilikuwa na kauli moja. Kinyozi wa jirani alizima mashine yake. Mshona nguo wa ng'ambo ya barabara alipunguza mwendo wa cherehani. Sisi redio yetu ilikaa juu ya rafu, imevishwa mfuko wa plastiki ili mvuke wa sabuni usiiue. Wenye ukumbi walikuwa wawili. Mama Mkwe alikuwa na sauti nzito ya mwanamke ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu. Mkwe alikuwa kijana aliyejifanya anamwogopa, huku anamchokoza kila alipopata upenyo. Hawakuwa na undugu wowote, kila mtu alijua, lakini mchezo wao ulikuwa huo: mama ambaye hajaridhika na mume wa bintiye, na mwanamume ambaye hajui akae wapi mbele ya mkwewe. Leo waligombana juu ya foleni za hospitali, kesho juu ya majirani wanaotupa taka mlangoni kwa wenzao, na watu walipiga simu kuwaamua.

Ukumbi ule ulikuwa na sharti moja. Hakuna aliyesema kabla ya kunywa maji. Mama Mkwe alisema kwake haingii mtu na maneno makavu, maneno makavu hukwaruza. Ukipata laini ulitakiwa uwe na maji yako mkononi, unywe mafunda matatu, naye ahesabu: moja, mbili, tatu. Asiposikia koo likipiga, alikukata. Sharti hilo lilikuwa limetoka redioni likaingia mitaani. Watu wakianza kubishana kwa kinyozi, lazima atokee mmoja wa kusema, jamani, maji kwanza.

Fundi Saa ndiye aliyekuwa kipenzi cha Ukumbi. Alikunywa kwa kikombe cha alumini ambacho jiji lilikijua kwa mlio wake, na alikuwa na ugomvi mmoja tu duniani: saa kubwa ya mnara wa mjini iliyokufa miaka mingi. Alitaka apewe ruhusa apande aitengeneze bure, na ruhusa hakuna aliyempa. Jana yake simu ilimkatikia katikati ya maneno, na Mama Mkwe akaahidi mbele ya watu wote kwamba kesho atakuwa wa kwanza.

Basi aliponunua sabuni zake alitoa chupa tupu kwenye mfuko, akamweleza Shangazi kwamba mtaani kwake bomba limekauka siku ya tatu. Alisema leo ana kikao na mama mkwe wa watu, na ukweni hakuendwi koo kavu.

Shangazi akacheka. Akamwuliza koo lake limewahi kukauka lini, hilo si koo, hilo ni mto. Kisha akaniambia, "Mama, mjazie mzee chupa."

Niliijaza kwenye pipa la maji safi, nikaiweka mezani niipanguse. Pale mezani ilisimama nyingine, ukubwa ule ule, kifuniko cha bluu kile kile, shingo tupu. Nikachukua kitambaa cha kupangusia, nikapangusa, nikampa Fundi kwa mikono miwili, nimepiga goti kidogo, kwa adabu zote, macho yangu kwenye viatu vyake. Mimi watu siwatazami usoni. Ningemtazama yeye, pengine ningeitazama na chupa.

Akamwuliza Shangazi, "Binti huyu huzungumza lini?"

"Maneno yake anayaweka akiba," Shangazi akasema.

Fundi akaipakata chupa kama mtoto, akasema hayo hayaguswi hata kwa kiu ya jangwani, mpaka Mama Mkwe ahesabu. Akaenda zake. Shangazi naye akapakia madumu ya sabuni ya maji, akaenda kumpelekea mteja mkubwa, mwenye hoteli. Nikabaki peke yangu.

Ilipokaribia saa kumi niliyapasha mafuta moto kwenye ndoo, nikachukua chupa ya kostiki, nikaanza kuimimina kwa uzi mwembamba huku nakoroga na mwiko. Kwa kawaida baada ya muda mafuta hufifia, yanakuwa mazito kama uji. Siku hiyo yalinitazama tu. Nikakoroga. Yakajitenga, mafuta juu, maji chini. Nikafikiri nimekosea kipimo.

Tone moja lilikuwa limenirukia kifundoni mwa mkono. Nikasubiri liniwashe. Halikuwasha. Nikasugua vidole viwili, maana kostiki huteleza kati ya vidole kama samaki. Haikuteleza. Nikachovya ncha ya ulimi.

Yalikuwa maji.

Nikageuka kutazama meza. Hapakuwa na chupa nyingine. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na kwenye kamba vile vitambaa saba vilikuwa vinapepea, vyekundu, visafi.

Juu ya rafu, Mkwe alikuwa anawatangazia watu kabla ya taarifa ya habari. Alisema leo hakuna kusukumana, wa kwanza anajulikana, Fundi Saa yuko tayari kwenye laini na chupa yake imejaa mpaka shingoni. Mama Mkwe akasema afadhali, maana jana alikunywa kama kuku. Wakacheka wote wawili. Ikapigwa kengele ya saa kumi na habari zikaanza.

Habari ni dakika tano. Baada yake matangazo ya biashara, dakika mbili au tatu. Kisha Mama Mkwe angehesabu.

Kibanda cha Fundi kilikuwa chini ya ngazi za ghorofa moja mkabala na posta kuu, upande wa pili wa jiji. Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima. Kwa gari, saa ile ya foleni, hakuna tofauti. Namba yake ya simu alikuwa nayo Shangazi. Nikampigia Shangazi. Haikupatikana. Akiwa mbele ya mteja mkubwa Shangazi huzima simu kwa heshima. Nikapiga tena kana kwamba heshima ingeisha mara moja.

Ikabaki namba ya Ukumbi. Niliijua kuliko namba yangu, Mkwe huiimba kila siku. Tena nilikuwa nimewahi kuipiga. Mara nne, miezi tofauti, nilipokuwa na neno langu la kusema. Simu za Ukumbi zilipokelewa na mtu mmoja ambaye Mkwe alimwita Bawabu, ndiye anayepanga nani aingie na nani asubiri. Mara zote nne Bawabu aliposema "karibu, sema", koo langu lilijifunga, nikakata.

Nikapiga. Inatumika. Nikapiga. Inatumika. Msomaji wa habari alikuwa kwa waziri fulani aliyefungua daraja. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta, vikateleza kwenye vibonyezo, nikavifuta kwenye gauni. Inatumika. Waziri akamaliza, wakaingia walimu na madai yao. Inatumika. Nilianza kusema kwa sauti peke yangu, usinywe, usinywe, kama mtu anayejifunza wimbo. Walimu wakaisha. Michezo. Timu fulani imefungwa, na kocha anasema vijana wamejitahidi. Inatumika. Hali ya hewa, ambayo huwa ya mwisho. Kisha likaja tangazo la magodoro, na simu ikaita.

"Ukumbi wa Wakwe, karibu, sema," Bawabu akasema.

Koo likajifunga.

Nikamsikia akishusha pumzi. "Bubu. Leo tena?"

Sikuelewa. Akasema kwa uchovu kwamba namba yangu ameiandika hivyo kwenye mashine yake, Bubu, kwa sababu hupiga na kunyamaza, na kwamba kuna watu thelathini nyuma yangu wenye midomo. Nilisikia kidole chake kikienda kukata. Sijui nilikisikiaje, lakini nilikisikia.

"Fundi asinywe maji yake," nikasema.

"Nini?"

"Si maji. Ni kostiki. Akinywa ataungua koo lote."

Akacheka, wala si kwa ubaya. Akasema, "Dada, wiki iliyopita mmoja aliniambia nyumba yao inaungua. Nikampa nafasi ya kwanza. Akaanza kumsalimia mchumba wake na mama mzazi wa mchumba wake. Nakuweka wa sita. Zima redio yako, inarudisha mwangwi."

"Sitaki kuwekwa."

"Umesemaje?"

"Sitaki kuingia hewani. Nakuomba usiniweke. Mwambie wewe. Siwezi kusema mbele ya watu, mwambie wewe tu, mimi nikate."

Tangazo la magodoro likaisha, likaingia la rangi za nyumba. Baadaye Bawabu aliniambia kwamba kwa miaka sita ameombwa nafasi kwa machozi, kwa vitisho, kwa ahadi ya mbuzi, lakini mtu wa kumwomba asimweke hewani hakuwahi kumsikia.

Sauti yake iliporudi ilikuwa nyingine. Akasema haraka haraka. Laini ya Fundi imeshaingizwa studio, haiko tena mikononi mwake yeye Bawabu. Taa nyekundu ya mlangoni imewaka, na ikiwaka ule mlango haufunguki mpaka mapumziko ya katikati ya kipindi. Ameandika kwenye skrini iliyo mbele yao, lakini Mama Mkwe ile skrini ameigeuzia mgongo tangu mwaka juzi, anasema inamkatiza, na Mkwe akiwa na mkwewe hatazami kitu kingine. Hata kumkata Fundi hawezi, kitufe chake kiko studio.

"Ninachoweza ni kufungua laini yako kwa nguvu," akasema. "Hakuna kingine. Nikifungua utasema?"

Wimbo wa Ukumbi ulikuwa umeanza. Niliusikia mara mbili, kwanza kwenye simu, kisha kwenye redio juu ya rafu. Redio ilikuwa nyuma kama kwa kuvuta pumzi tatu. Sikuwa nimejua kwamba miaka yote tulikuwa tunasikia mambo yaliyokwisha kupita.

"Ndiyo," nikasema.

Kwenye simu Mama Mkwe akawakaribisha watu. Akasema leo hana maneno mengi, ana deni la ahadi, na muungwana ni vitendo. "Fundi, umeamkaje?"

"Nimeamka na kiu, mama."

Mkwe akasema kwa heshima zote anaomba Fundi anyweshwe haraka kabla mama hajabadili moyo. Mama Mkwe akamwambia yeye hakuulizwa. Yote haya niliyapenda kila siku, na siku hiyo kila neno lilikuwa ngazi moja kuteremka.

"Basi maji kwanza," Mama Mkwe akasema.

"Yapo hapa, yametoka kwa watu wema," Fundi akasema, na nikasikia kifuniko kikifunguliwa, nikasikia kikombe cha alumini kikigonga meza, nikasikia kikimiminiwa.

Kitu kikabofya sikioni mwangu. Pumzi yangu mwenyewe ikawa kubwa, ikajaa chumba ambacho sikuwahi kukiona.

"Usinywe," nikasema. Ilitoka nyembamba, kama panya.

"Nani ameingia kwangu bila kubisha hodi?" Mama Mkwe akauliza.

"Na hajanywa maji, mama," Mkwe akasema, ameshaanza kucheka. "Huyu hata salamu hana."

"Kwangu kila mtu maji kwanza. Kaa hapo mwanangu, zamu yako itafika. Fundi, twende. Moja."

Mbele yangu ukutani kulikuwa na sufuria yenye tundu. Niliitazama, na nikasema nikiiambia ile sufuria, maana watu walikuwa wengi mno. "Sinywi, na Fundi asinywe. Si maji aliyonayo. Ni kostiki, ile ya kuzibulia mabomba ya choo. Mimi ndiye niliyempa. Nilifua vitambaa, nikampa chupa siyo. Fundi, weka kikombe chini."

Nikaibana simu sikioni.

Kisha nyuma yangu, juu ya rafu, redio ikasema kwa sauti ya Mama Mkwe, "Fundi, twende. Moja." Ilikuwa ile ile ya mwanzo, imechelewa, lakini mwili wangu haukulijua hilo. Nilihisi kama anahesabu tena. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye redio, ya mtu nisiyemjua, ikikiri. Na bado kwenye simu hakuna aliyesema. Palikuwa na mlio tu, mwembamba, kama maji yanayodondokea jiko la moto.

Ule mlio niliujua. Nilikuwa nimewahi kusimama mbele yake.

"Kikombe kinachemka," Fundi akasema. Alisema vibaya, mdomo wake haukufunga herufi sawasawa. "Kinatoa povu. Mdomo umenishika moto."

"Umemeza?" nikamwuliza.

"Sijameza. Kimenigusa tu. Nilikuwa nakiinua, nikasikia unaniita."

Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mama Mkwe alipozungumza, ile sauti nzito ya mchezo haikuwepo. Ilikuwa ya mama mtu mzima aliyeshtuka. "Mwanangu, wewe unayeijua hiyo kitu. Afanye nini?"

Nikasema maji mengi. Aoshe mdomo kwa maji yanayotiririka, ainamishe kichwa, asimeze, asitie ndimu wala siki hata akishauriwa na nani, maji matupu tu, na asiache mpaka robo saa ipite. Kile kikombe akisogeze mbali na uso, asivute ule moshi.

"Sina maji," Fundi akasema. "Kwetu bomba limekauka. Maji yangu ndiyo hayo."

Hapo Mkwe, yule mchekeshaji, akasema kwa sauti iliyonyooka ambayo sijawahi kuisikia kwake tena. Alisema aliye karibu na posta kuu na ana maji ya aina yoyote, ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia, ayachukue sasa hivi akimbie chini ya ngazi za ghorofa la mkabala, kwa Fundi Saa. Alirudia mara mbili. Nikakumbuka zile pumzi tatu. Mji ulikuwa bado haujasikia. Tulikaa watu wanne kwenye laini ile tukisubiri redio itufikie, na Fundi alikuwa anahema.

Kisha nikasikia miguu. Mtu mmoja, halafu watatu, halafu sikuweza kuhesabu. Mwanamke mmoja akasema shika ndoo, mwingine akasema mshike kichwa, na maji yakaanza kumwagika, mengi, jagi juu ya jagi. Kila yalipopungua nilisema endeleeni, na Mama Mkwe aliyarudia maneno yangu kwa sauti yake kubwa, endeleeni, msiache. Sijui tulisema hivyo kwa muda gani. Mwishowe dereva mmoja akasema amemchukua, wanakwenda hospitali, na laini ya Fundi ikafa.

"Mwanangu," Mama Mkwe akaniambia, "upo?"

Nikatambua jiji zima linanisikiliza. Nikakata.

Shangazi alirudi jua likiwa bado juu. Kule hotelini jikoni walikuwa wanasikiliza Ukumbi, na yeye alikuwa amesimama katikati yao na madumu yake wakati nilipokuwa namwambia kila mtu kwamba mimi ndiye niliyeitoa ile chupa. Alinipita bila kunitazama. Akaenda uani, akaanua vile vitambaa vikiwa bado na unyevu, akaanza kuvifunga kimoja kimoja kwenye shingo za vyombo. Alipomaliza cha saba alikaa juu ya ndoo.

"Nani alikuambia uvifue?"

"Vilikuwa vichafu."

"Viwe vichafu," akasema. Kisha akajifunika uso kwa viganja vyake, na mabega yake yakatetemeka, nami sikujua niende nimguse au nibaki nilipo. Nikabaki. Yeye ndiye aliyekuja.

Wateja wawili wakubwa walituacha wiki hiyo. Mwenye hoteli alibaki. Alimwambia Shangazi kwamba wanaosema ukweli wakati wa shida wamebaki wachache, ila akatuomba tangu sasa tulete sabuni kwenye madumu ya rangi.

Kesho yake Bawabu alinipigia kunijulisha kwamba Fundi yuko salama, ameungua mdomo wa chini, koo halijaguswa. Nikamshukuru. Akasema jina lile la Bubu amelifuta kwenye mashine. Nikamwuliza ameandika nini badala yake.

"Sijaandika," akasema. "Nimeacha wazi mpaka uniambie."

Na Ukumbini, siku tatu nzima Wakwe hawakufanya mzaha. Siku ya nne Mama Mkwe akatangaza kwamba sharti la maji limekwisha, kuanzia leo watu waseme tu makavu. Mkwe akasema, mama, mimi nimekuwa nikisema makavu miaka yote na hukunielewa. Kwa kinyozi wakacheka mpaka tukawasikia.

Fundi alikuja baada ya wiki tatu. Mdomo wake wa chini ulikuwa na alama nyeupe, ndogo, kama punje ya mchele. Hakutania. Shangazi alimpa kiti, akamsihi, akaanza maneno marefu ya radhi aliyokuwa ameyatayarisha siku nyingi, na Fundi akainua mkono kumwambia yametosha, kila saa hukosea, muhimu ni kujua inakosea kwa kiasi gani.

Kisha akatoa chupa tupu kwenye mfuko, akaiweka mezani. Akasema bomba la mtaani kwake limerudi, lakini ametembea mbali na ana kiu.

Niliichukua. Niliijaza pipani mbele ya macho yake, nikampa kwa mikono miwili. Mkono wake ulinyanyuka kuipokea, ukafika katikati, ukasimama. Alikuwa anaitazama chupa. Nadhani alitaka mkono uendelee, lakini mkono ulikataa.

Nikafungua kifuniko, nikaiweka kinywani mwangu, nikanywa. Koo langu lilipiga kwa nguvu.

"Moja," Fundi akasema polepole.

Nikanywa tena.

"Mbili."

Funda la tatu lilikuwa kubwa, likanitoa machozi. Hakuhesabu. Alinyoosha mkono akaichukua chupa, akanywa mpaka ikafika nusu, na wakati wote huo mimi nilikuwa namtazama usoni.